Shingo ya Tela

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, saa nne na nusu asubuhi, shingo ya tela ilikatika kwenye mteremko wa kijito, na mke wangu Waisiko alikuwa amelala juu yake.

Tela hilo nililiunda mimi mwenyewe. Ni tela la mgonjwa, la kuvutwa na pikipiki: magurudumu mawili, kitanda cha turubai, kivuli juu, na mbele kile chuma kirefu kinachoshikana na pikipiki, ambacho sisi tunakiita shingo. Mradi mmoja wa afya wenye ofisi Mugumu uliniagiza matano, ya vijiji ambavyo gari halifiki, vingine vya Tarime na vingine vya Serengeti. Moja likabaki kwetu Itiryo. Walikuja na mchoro wao kutoka mjini, magurudumu yamebanana kabisa. Nikawaambia njia zetu zimechimbwa na mikokoteni ya ng'ombe, mifereji miwili tangu enzi za babu. Tela jembamba litaweka gurudumu moja ndani ya mfereji na lingine juu ya tuta, mgonjwa atamwagika. Nikapima mkokoteni wangu kwa kamba, nikafanya upana ule ule. Walibishana nami siku mbili. Mwisho wakakubali, na kwenye ripoti yao wakaandika kwamba wamebuni tela linaloendana na mazingira. Wao.

Basi siku hiyo Waisiko aliamka tumbo limekaza, na kufika saa tatu alikuwa hawezi kusimama. Nikampigia Felix, mwendesha bodaboda aliyepewa kazi ya kulivuta tela la kijiji. Tukamlaza, tukamfunga mikanda. Maumivu yalikuwa makali lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Baba Neema," akasema, "miaka thelathini umenilaza kitanda cha kamba, kumbe kutengeneza kizuri unajua."

"Nyamaza, unajichosha."

"Kuku umewafungia?"

"Nimewafungia."

"Muongo huyu. Felix, geuza pikipiki tukafungie kuku."

Felix akacheka, akawasha. Nikakaa nyuma yake nimegeukia nyuma, namtazama mke wangu. Tulikuwa tumeanza kushuka kijitoni niliposikia *ta!* Mlio mkavu, mara moja. Tela likachepuka pembeni peke yake, likaingia kwenye tope, likalala ubavu.

Waisiko hakuvunjika kitu, mikanda ilimshika. Lakini tela lilikuwa limekufa, na yeye kukaa kwenye pikipiki hakuweza. Tukakata miti miwili, tukaifunga kwenye turubai, wanaume wanne wakambeba mabegani mpaka barabara kubwa. Hospitali tulifika saa tisa alasiri. Daktari alisema utumbo umejisokota, na kama tungewahi adhuhuri angeweza kufanya kitu. Alifariki kabla jua halijazama.

Msibani watu walisema ni barabara. Na mimi nikasema ni barabara. Kalavati la kijito kile limeahidiwa mbele ya macho yangu mara tatu, na watu watatu tofauti, kila mmoja na kofia yake mpya. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kutoa pole nilimwambia mbele za watu asikae, viti ni vya wafiwa. Watu walinishika mkono wakasema mura, ndugu yetu, tulia. Nitulie vipi? Mtu anayeweka saini kwamba njia inapitika, mke wake hapiti njia hiyo.

Lakini kile kipande cha shingo sikukitupa. Nilikichukua nyumbani, nikakifuta tope, nikakipaka grisi kisipate kutu. Nilikuwa nakitoa, nakigeuza, nakirudisha. Kazi za watu niliacha katikati: jembe la kukokotwa na ng'ombe halina mpini, geti la kanisa halina komeo. Nilikuwa nasimama nikitaka kufanya kitu, nikifika mlangoni nasahau ni kitu gani. Maana kulikuwa na matela mengine manne. Nilijua yanabeba watu. Nikijiambia ni barabara, napumua. Nikikishika kile chuma, pumzi inakata. Kilikatika pembeni kidogo ya pale nilipochomelea, na mimi miaka yote hiyo nikichomelea kitu hakikatiki. Nilitaka kujua. Kijijini kwetu hakuna fundi wa chuma zaidi yangu, nimuulize nani?

Mwezi wa nane ikaja barua. Kongamano la Wabunifu Wazoefu, Mugumu, Alhamisi tarehe 10 Agosti. "Uje na sampuli ya kazi yako." Nikachukua kiroba, nikatia kipande cha shingo, nikaenda. Nilichokitafuta ni mtu mmoja tu, fundi yeyote aliyewahi kuvunjikiwa, anisomee chuma changu.

*

Juu ya mlango wa ukumbi kulikuwa na bango, na kwenye bango kuna picha ya tela langu. Pembeni yake amesimama Godwin, afisa wa mradi, ameweka mkono juu ya kivuli cha tela kama mtu aliyepiga picha na gari lake.

Godwin mwenyewe akanikimbilia. "Shikamoo mzee Mwikwabe! Pole sana kwa yaliyokupata. Mzee wangu, leo ni siku yako."

"Marahaba. Siku yangu ya nini?"

"Mgeni rasmi anakukabidhi cheti. Halafu kuna habari njema. Wafadhili wamependa, wanataka matela mengine ishirini."

"Ishirini?"

"Yale yale. Usibadilishe hata msumari."

Miguu yangu ilitaka kugeuka irudi stendi. Nikakishika kiroba vizuri, nikaingia.

Tulikuwa mafundi kama thelathini, na wote watu wazima. Kulikuwa na wajenzi wa maghala, watengeneza mizinga ya nyuki, washonaji, mafundi pampu. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Dar, anaitwa Winfrida, mwenye sauti nzuri na miwani ya kuning'inia. Saa nzima ya kwanza alitueleza ubunifu ni nini. Picha zikapita ukutani: balbu inawaka, mtu anapanda ngazi, mikono ya rangi mbalimbali imeshikana.

Jirani yangu alikuwa Oswaldi, Msukuma kutoka upande wa Geita, amekuja Tarime kufuata dhahabu lakini hachimbi. Anaunda makarasha, zile mashine za kusaga mawe yenye dhahabu. Vidole vyake viwili havina kucha.

"Mzee," akaninong'oneza, "karasha langu linakula mwamba mchana kutwa. Huyu mama ananifundisha nyundo ina upande gani."

"Nyamaza, utanyimwa soda."

"Soda yenyewe naiona pale, ya moto."

Kisha tukagawiwa vikaratasi vya njano vyenye gundi. Winfrida akasema kila mtu aandike kitu kimoja anachotaka kujifunza leo. Godwin alikuwa ameshatuandikia mfano ubaoni: masoko, hakimiliki, kujitangaza kwenye mitandao ya kijamii. Nikauma kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: NANI KAVUNJIKIWA NA CHUMA, ANIAMBIE.

Winfrida akaanza kusoma kimoja kimoja kwa sauti. Cha Oswaldi kilisema: "Mashine za wenzangu zilikufa kwa nini." Mjenzi wa ghala alitaka kujua panya walipita wapi kwenye maghala ya wenzake. Fundi pampu aliandika: "Nataka kuona pampu mbovu, nzuri nimeziona." Kingine, cha mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, kilisema: "Kitu changu kikiharibika huko kilikopelekwa, nani ataniambia?" Mama wa watu akaendelea kusoma, na kila akisoma sauti inapungua, maana vikaratasi vilikuwa vinafanana.

"Jamani," akasema, "hakuna anayetaka masoko?"

"Wateja tunao, mama," Oswaldi akajibu. "Tunataka ajali."

Ukumbi ukacheka. Winfrida naye akacheka, akavua miwani, na nikaona anataka kuacha picha zake akae tuzungumze. Lakini Godwin akanyanyuka.

"Ndugu washiriki, tusianze na mambo hasi. Mgeni rasmi anaingia saa nane na ratiba imebana. Haya ni mazuri sana, tuyaweke kwenye maegesho, tutayarudia."

Maegesho ilikuwa ni karatasi kubwa nyeupe kwenye kona, nyuma ya mlango. Vikaratasi vyetu vyote vikabandikwa huko. Tukarudi kwenye picha, safari hii mtu amesimama juu ya mlima na bendera. Mimi nilikuwa natazama kikaratasi changu kilivyoegeshwa, na kila mtu akifungua mlango kinafunikwa.

*

Chakula cha mchana, wali na nyama, watu wakatoa sampuli zao wakaziweka mezani. Mizinga imepakwa rangi, pampu inang'aa. Sikuweka kitu. Nilikwenda dirishani, nikakitoa chuma, nikakishika tu.

"Shikamoo baba. Hiyo si shingo ya tela?"

Alikuwa yule mwanamke wa nyuma, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni mwake.

"Marahaba. Umeijuaje?"

"Turubai nashona mimi. Naitwa Hilaria, natoka Nyansurura. Mikanda yote ile ni mkono wangu."

Nikamtazama. Miezi mingapi nafunga turubai za mtu huyu kwenye vyuma vyangu na sijui kama ni mwanamume au mwanamke! Ofisi ilikuwa inachukua turubai kwake, inaniletea imekunjwa, hawakutaja hata jina. Mchoro mmoja, watu wawili, na hakuna aliyeona haja ya kutukutanisha.

"Turubai lako halikuchanika," nikamwambia.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Wanaume wanne walimbeba mke wangu ndani yake kutoka kijitoni mpaka barabara kubwa. Hata uzi mmoja haukuachia."

Akaishika futi yake kwa mikono miwili.

"Alipona?"

"Hapana."

"Pole, baba. Pole sana." Akakitazama tena chuma. "Kwa hiyo hili ni la pili."

"La pili nini?"

"La pili kukatika. Si hata letu lilikatika hapo hapo, pembeni ya uchomeleaji? Mwezi wa kwanza. Vijana walikuwa wamelipakia gunia la mahindi. Mtendaji akaandika barua ofisini, akaweka na picha. Mimi mwenyewe nilimpa bahasha." Akaniangalia usoni. "Hukuambiwa?"

Mwezi wa kwanza. Waisiko amefariki mwezi wa tatu. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, nikarudia. Katikati kuna mwezi wa pili mzima, na mimi niko Itiryo, mashine yangu ya kuchomelea iko hapo, simu yangu iko mfukoni, haijawahi kuzimwa. Siku moja ingenitosha kuzipitia shingo zote tano.

Oswaldi alikuwa amekuja na sahani yake. Akaiweka dirishani, akakichukua kile chuma bila kuomba, akakipeleka kwenye mwanga, akakikwaruza kwa kidole kisicho na kucha.

"Hapa umeunga chuma gani, mzee?"

"Cha kuchoronga mwamba. Wachuuzi wa vyuma chakavu wanakitoa huko machimboni kwenu. Mabomba ya mradi yalikuwa membamba kama bua la mtama. Nikasema hawa wataniaibisha, nikatafuta chuma cha maana."

"Ulipomaliza kuchomelea ukapoza kwa maji."

Hakuuliza. Alisema.

"Baba yangu alikuwa mhunzi," nikamjibu. "Majembe, mikuki, visu vya kuchunia, kila kitu alikipoza kwa maji. Na mimi hivyo hivyo, tangu nianze."

"Jembe linataka maji, linakuwa gumu. Hiki tayari ni kigumu. Ukikichomelea halafu ukakimwagia maji, pembeni kinapasuka kama chungu. Ufa mwembamba, huuoni kwa macho." Akanisogezea. "Ona mwenyewe. Nusu hii ni nyeusi, kutu ya zamani imekaa ndani. Nusu hii ni ya kijivu, ndiyo iliyokatika siku yenyewe. Ufa ulikuwepo wiki nyingi, mzee. Siku ile kilimalizia."

Nimekigeuza kile chuma miezi mitano. Ule weusi niliuona kila siku, nikadhani ni masizi.

"Na barabara?" nikauliza.

Oswaldi akainua bega. "Hata kwenye lami kingekatika. Pengine wiki ya mbele."

"Na lile bomba lao jembamba?"

Hapo akaigusa sahani yake ya wali. Hilaria alikuwa anatazama sakafu.

"Lingepinda," Oswaldi akasema. "Bomba linapinda, unaliona, unaliacha."

Maji ya kupozea aliyachota Waisiko. Alikuwa anatoka kijitoni na ndoo, ananiachia kopo juu yake, anasema usiyamalize yote, ya ugali yamo humo humo.

Oswaldi hakuondoka. Akaniambia karasha lake la kwanza lilikatika ekseli namna hiyo hiyo, likamvunja mtu mguu. La pili pia. Kwenye la tatu ndipo akapata mzee mmoja wa kuchonga vyuma aliyemwonyesha kutu ya zamani na mpya. "Hakuna aliyekuwa ameniambia, mzee. Ningeambiwa na nani? Kila fundi anaficha lake." Alizungumza polepole, wali wake ukapoa. Nilikuwa nimepata nilichofuata, kwenye dirisha, wakati wa kula, na kwenye ratiba hakikuwemo.

Ila matela matatu yalikuwa bado yanatembea.

*

Saa nane mgeni rasmi hakuja. Saa tisa tukaambiwa yuko njiani. Winfrida, ambaye alikuwa amepita dirishani na kutusikiliza kwa muda, akaenda kwenye kona nyuma ya mlango, akabandua kikaratasi changu, akaniletea pamoja na kipaza sauti.

"Tuna nafasi," akasema. "Mzee, endelea."

Nikasimama na chuma mkononi. "Godwin," nikasema, "tela la Nyansurura lilikatika mwezi wa kwanza. La kwetu mwezi wa tatu, na mke wangu akiwa juu yake. Ile barua ya mwezi wa kwanza nani aliisoma?"

Godwin akatabasamu, tabasamu la ofisini. "Mzee wangu, hilo ni suala la kiutawala. Litajibiwa kwa utaratibu."

"Utaratibu ndio huu. Nina kipaza sauti."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha haraka.

"Godwin, mjibu," Winfrida akasema.

"Taarifa ilipokelewa. Tulijiridhisha kwamba ni matumizi yasiyo sahihi. Tela ni la kubeba wagonjwa, si mahindi."

"Chuma kinajua mahindi na mtu?"

"Mzee, tulikuwa kwenye kipindi cha tathmini. Ingeingia kwenye ripoti—" Akaona amesema. Akajirekebisha tai ambayo hakuwa ameivaa. "Naelewa uchungu wako. Kama ni fidia, kuna fomu."

"Sitaki fomu. Nimekosea mimi. Nimetumia chuma kigumu na nikakimwagia maji. Nimekosea, umesikia? Hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini mlijua kimekatika na mkanificha mimi niliyekiunda, mkanitumia barua nije nipewe cheti na niunde ishirini. Usibadilishe hata msumari! Sasa nataka matela matatu yasimame leo, kabla ya soda ya mgeni wako. Toa orodha."

Fundi pampu akasema, "Toa orodha." Na mjenzi wa ghala naye. Wazee wale hawakupiga kelele, walisema tu kama watu wanaoomba chumvi. Godwin akafungua begi.

Orodha ilikuwa na majina matano. Tukapiga kwa simu ya Hilaria, sauti nje, ukumbi mzima unasikia. Kijiji cha kwanza, mtendaji akasema tela lipo stoo, hawajapata pikipiki ya kulivuta tangu siku waliyokabidhiwa. "Kuku wa mama Agustina wameatamia humo. Mnalitaka?"

"Waacheni waatamie," nikasema. "Asilitoe mtu."

Kijiji cha pili akapokea mhudumu wa zahanati, Thadeo. Tela linafanya kazi vizuri mno, akasema, juzi limemleta mama mjamzito na amejifungua salama, mtoto wa kiume, wanatushukuru.

"Lifunge mnyororo," nikamwambia. "Sasa hivi. Shingo ina ufa."

"Mzee, na akija mgonjwa mwingine kesho?"

Watu wote wakanitazama mimi. Mtu yuko huko, ana kitu kinachomsaidia, na ninamnyang'anya kwa simu.

"Vueni turubai mumbebe," Hilaria akasema karibu na simu. "Turubai ni zima. Na fundi atakuja kubadili shingo, Jumapili." Akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.

Kijiji cha tatu mtendaji alishangaa. "Tela letu? Lilichukuliwa na gari la ofisi mwezi wa saba. Walisema linakwenda kuonyeshwa Nanenane, litarudi."

Tukamgeukia Godwin. Alikuwa ameshatoa simu yake mwenyewe, anatafuta kitu, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu tu.

"Lilikwenda maonyesho," akasema. "Jana wakati wa kurudi, wakubwa waliamua likabidhiwe kijiji kingine chenye uhitaji zaidi. Mimi sikuwepo."

"Kijiji gani?"

Akapiga kwa dereva, simu haipatikani. Akapiga kwa mkuu wake, ikaita mpaka ikakata. Alichokuwa nacho ni picha iliyorushwa kwenye kundi lao la ofisi: wanawake wanapiga makofi, mtu mwenye koti anashikana mkono na mzee, na juu ya tela langu amelala msichana, anatabasamu, wanaonyesha namna mgonjwa anavyolazwa. Nyuma kuna kilima cha mawe na darasa lililopakwa rangi ya bluu nusu ukuta. Chini wameandika: "Mradi wakabidhi tela kwa wananchi." Jina la kijiji hakuna. Godwin akalitafuta juu na chini, akaikuza picha kwa vidole, akaikuza tena, mpaka msichana akawa madoa.

Nikaomba anirushie hiyo picha. Kisha nikatoka. Mlangoni nilipishana na msafara wa mgeni rasmi unaingia. Cheti changu sijui kina nani.

*

Leo ni siku ya kumi na mbili. Shingo ya kwa Thadeo nimeibadili, nimeweka bomba lao jembamba, ukilikanyaga linanesa, na nimeliacha lipoe lenyewe mpaka jua likaisha. Hilaria anatafuta upande wa Serengeti, anawauliza wateja wake na walimu. Oswaldi ameisambaza ile picha kwa wachimbaji, maana wao wametoka kila mahali na wanakwenda kila mahali. Mimi na Felix tunazunguka huku kwetu. Godwin alinipigia siku tatu za mwanzo; ya nne akasema amehamishiwa kitengo kingine; sasa hapokei. Dereva amepatikana, anasema yeye alishukia njiani, tela lilihamishiwa gari lingine la wakubwa. Ofisini wameniambia niandike barua. Nimewauliza itasomwa na nani, wakaniambia niiache kwa mapokezi.

Vilima vya mawe viko vingi. Darasa la bluu nusu ukuta nimeshaona manne. Kwenye kila kijito namwambia Felix asimame, nashuka, nainama kutafuta alama za magurudumu. Lakini upana ni ule ule wa mikokoteni ya ng'ombe, niliupima kwa kamba yangu mwenyewe. Tela likipita asubuhi, mkokoteni unapita nyuma yake kwenye mifereji ile ile, unafuta kila kitu.

Chini ya shingo yake, upande wa kushoto, nimepiga alama tatu za tindo. Ukiinama utaziona. Ufa hutauona.

Felix amewasha pikipiki, ananingoja. Tela la tano liko kijiji gani, na leo limembeba nani?